Mwaka Mmoja, Injini Mbili: Mabadiliko ya Katikati ya Mwaka Katika Pikapu za Dizeli za Marekani

Pikapu ya dizeli ya Dodge Ram iliyosajiliwa kuwa ya mwaka 1998 inaweza kuwa na injini mojawapo kati ya mbili, na injini hizo zinatofautiana karibu katika kila jambo linalomhusu fundi. Zote mbili ni Cummins za silinda sita zenye ujazo wa lita 5.9, zimefungwa ndani ya gari lenye sura ileile, na hati ya gari inaonyesha mwaka uleule. Hata hivyo, moja ina valvu 12 na pampu ya dizeli inayofanya kazi kimakanika mwanzo hadi mwisho, na nyingine ina valvu 24 na pampu inayoamrishwa na kompyuta. Silinda hedi, pistoni, nozeli, gasketi ya hedi na wayaringi za moja haziingii katika nyingine. Anayeagiza spea kwa kutaja «Ram ya 1998» peke yake ameacha nusu ya maelezo, na muuzaji akimhudumia bila kumuuliza zaidi, wote wawili wanabahatisha.

Wamarekani wamezoea kuitaja injini ya pili kwa desimali: 1998.5. Nusu hiyo haimo katika hati ya gari wala katika namba ya chasisi. Ni lugha ya mafundi, wauza spea na wenye magari, ambao walilazimika kuwa na njia ya kutenganisha vitu viwili vinavyobeba mwaka mmoja katika karatasi za serikali. Ukipitia historia ya pikapu za Dodge, Ford na General Motors, utakutana na nusu hizi mara kwa mara: 1991.5, 1994.5, 1998.5, 2004.5, 2007.5. Kwa mtu anayeanza zinaonekana kama fujo ya tarakimu, lakini kila moja ina sababu yake, na sababu zenyewe ni chache: sheria ya moshi, kasoro iliyohitaji kurekebishwa, upatikanaji wa vipuri kiwandani, na ushindani wa sokoni.

Kabla ya sababu hizo ni lazima kuuelewa mwaka wenyewe, kwa maana mkanganyiko unaanzia hapo. Katika sheria za Marekani, mwaka wa modeli ni kipindi cha uzalishaji ambacho ndani yake kuna tarehe 1 Januari ya mwaka unaotajwa. Maana yake ni kwamba kiwanda kinaweza kuanza kutengeneza magari ya mwaka fulani mapema sana, hata kuanzia tarehe 2 Januari ya mwaka uliotangulia. Ford waliitumia nafasi hiyo karibu yote: pikapu za kwanza za Super Duty zilianza kutengenezwa Louisville, Kentucky, mapema mwaka 1998, zikiwa zimepewa mwaka wa modeli 1999. Mwaka wa aina hiyo ni mrefu kuliko miezi 12 ya kalenda, na ndani yake kiwanda cha injini, ambacho mara nyingi ni cha kampuni nyingine na kina ratiba yake, kinaweza kubadilisha mambo mengi. Injini za Ram zilitoka kwa Cummins huko Columbus, Indiana. Za Ford, kwa miaka mingi, zilitoka kwa Navistar. Mtengenezaji wa gari alikuwa akipokea injini kama zilivyo siku ile, na mwaka ulioandikwa kwenye chasisi haukuwa na uwezo wa kusimamisha mabadiliko yaliyokuwa yakifanyika kwa mtengenezaji wa injini.

Nitakaa zaidi kwenye badiliko la 1998.5, kwa kuwa linaonyesha wazi namna sheria inavyoweza kulazimisha injini nzima isanifiwe upya. Kuanzia mwaka wa modeli 1994 hadi mwanzoni mwa 1998, injini ya valvu 12 ilitumia pampu ya Bosch aina ya P7100. Ndani yake mna vipistoni sita vilivyopangwa katika mstari mmoja, kimoja kwa kila silinda, vikisukumwa na kamshafti ndogo ya pampu yenyewe. Taimingi ya pampu hii, yaani wakati inapopulizia dizeli, haibadiliki: fundi akishaiweka, inabaki palepale, injini ikiwa imesimama bila mzigo au ikivuta trela kupanda mlima. Pampu hii ni nzito, ni imara, na ikishawaka haihitaji umeme isipokuwa wa solenoidi ya kuzimia. Ndiyo sababu hadi leo kuna watu wanaoitafuta kwa bei kubwa.

Tatizo lake lilikuwa kanuni za moshi. Mwaka 1998 Marekani ilishusha kiwango cha oksidi za nitrojeni kinachoruhusiwa kwa injini za aina hii kutoka gramu 5 hadi gramu 4 kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Gesi hizo huzaliwa pale moto ndani ya silinda unapokuwa mkali mno, na njia rahisi ya kuupunguza ukali huo ni kuchelewesha kidogo upuliziaji wa dizeli. Ukichelewesha, hata hivyo, masizi yanaongezeka na gari linakula mafuta zaidi. Pampu yenye taimingi moja isiyobadilika inalipa gharama hiyo wakati wote, hata pale ambapo hapakuwa na haja. Pampu yenye kompyuta inaweza kuchelewesha panapohitajika na kuwahisha panaporuhusu, mara nyingi ndani ya dakika moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya pampu mpya, Bosch VP44, iliyokuja na injini ya valvu 24 kwa jina la ISB.

Valvu zenyewe hazikuongezwa kwa ajili ya kujivunia idadi. Silinda yenye valvu mbili haina nafasi katikati ya hedi, kwa hiyo nozeli hukaa pembeni na kwa kuinama, na dizeli haienei sawasawa. Valvu zikiwa nne, katikati panabaki wazi. Nozeli inasimama wima juu ya kitovu cha pistoni, dizeli inatawanyika pande zote kwa usawa, na hewa inaingia kwa wingi zaidi. Badiliko moja la sheria, basi, lilibadili pampu, pampu ikadai kompyuta, na haja ya uchomaji safi ikabadili hedi na pistoni. Nguvu nayo ilipanda, kutoka 215 za farasi hadi 235 kwa gari la gia za mkono, na nguvu ya kuvuta ikatoka futi-pauni 440 hadi 460.

Gharama iliyofuata ilimwangukia mwenye gari. VP44 inapozwa na kulainishwa na dizeli ileile inayoipulizia, kwa hiyo inataka kulishwa bila kukatizwa. Injini ya valvu 12 ilikuwa na pampu ya kuvuta mafuta iliyoendeshwa na kamshafti, ya 1998.5 ilipewa pampu ndogo ya umeme iliyofungwa kwenye injini, mbali na tangi, ikilazimika kuvuta mafuta kutoka mbali badala ya kuyasukuma. Pampu hiyo ndogo ilichoka mapema, nayo ilipochoka haikutoa dalili ya haraka: gari liliendelea kutembea huku VP44 ikipokea mafuta pungufu na kujila ndani kwa ndani. Kompyuta ilipotoa hatimaye alama ya hitilafu P0216, inayoashiria kwamba pampu imeshindwa kuitii taimingi, kwa kawaida pampu kubwa ilikuwa imekwisha kufa. Fundi aliyefunga VP44 mpya bila kupima shinikizo la pampu ndogo aliiua na ile mpya.

Wala 1998.5 haikuwa mpaka wa mwisho. Kati ya injini za valvu 24 zilizofuata kuna kundi ambalo bloku yake ilikuwa na kuta nyembamba kwenye njia za maji, nayo hutambulika kwa namba 53 iliyosubiwa ubavuni. Baadhi ya bloku hizo zilipasuka na kuvujisha maji, hasa zilipovuta mizigo mikubwa. Si zote zilizopasuka, na nyingi zinatembea hadi leo, lakini mnunuzi mwenye busara huchuchumaa na kuitafuta namba hiyo kabla ya kulipa. Badiliko la namna hii halikupewa hata nusu ya mwaka. Ni la ndani kabisa ya kiwanda cha kusubu chuma, na mtu wa nje anaweza kulijua tu kwa kusoma alama iliyobaki juu ya chuma chenyewe.

Nusu nyingine kubwa ni 2007.5, na hii iligusa kampuni zote tatu kwa namna moja au nyingine. Kanuni za Marekani za mwaka 2007 zilipunguza masizi yanayoruhusiwa mara kumi, kutoka gramu 0.1 hadi 0.01 kwa kipimo kilekile cha nguvu ya farasi kwa saa. Kwa vitendo, kiwango hicho hakikufikika bila kuweka chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio nalo haliwezi kuvumilia dizeli yenye salfa nyingi, kwa hiyo kabla ya injini kubadilika ilibidi mafuta yabadilike: mwaka 2006 Marekani ilishusha salfa katika dizeli ya barabarani kutoka sehemu 500 hadi 15 kwa kila milioni. Kanuni ya injini, na hili ndilo jambo la kushika, iliihesabu injini kwa wakati ilipotengenezwa. Injini iliyokamilika kabla ya mwisho wa 2006 iliweza kufungwa kihalali katika gari lililouzwa kama la 2007.

Kampuni zikafanya kilichotarajiwa. Dodge waliendelea kuuza Ram za 2007 zenye Cummins ya lita 5.9 hadi akiba ikaisha, kisha wakaleta injini ya lita 6.7 yenye chujio la masizi, mfumo wa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ambayo mapezi yake hubadilika mkao. General Motors waliuza kwa wakati mmoja pikapu mbili zenye mwaka 2007: ile ya umbo la zamani, iliyopewa jina la Classic, ikiwa na Duramax, injini ya dizeli ya kampuni hiyo, ya toleo linaloitwa LBZ, na ile ya umbo jipya ikiwa na LMM yenye chujio. Zote mbili ni V8 za lita 6.6. Mnunuzi wa 2007 ambaye hakujua tofauti hiyo angeweza kutoka dukani na gari lenye mfumo wa moshi wa aina moja huku jirani yake, aliyelipia mwaka uleule, akiwa na wa aina nyingine kabisa.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kusikiliza kwa karibu. Dizeli ya sehemu 50 za salfa kwa milioni ilianza kuwa kiwango cha Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi mnamo Januari 2015. Injini iliyosanifiwa kwa ajili ya dizeli ya sehemu 15 inaletwa katika mazingira tofauti, na pikapu ya Marekani inayoingizwa kwetu inapaswa kuulizwa swali hili kwanza: injini yake ni ya kabla ya chujio au ya baada yake? Kwa gari la 2007, mwaka hauwezi kulijibu swali hilo.

Si kila badiliko la katikati ya mwaka lililetwa na serikali. Duramax ya kwanza, LB7, iliyoanza mwaka wa modeli 2001, ilikuwa injini yenye nguvu na tulivu, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Isuzu na kutengenezwa Moraine, Ohio. Ilikuwa miongoni mwa injini za kwanza za pikapu Marekani kutumia mfumo ambao bomba moja la shinikizo kubwa hulisha nozeli zote, ule ambao mafundi wetu huuita komon reli. Kasoro yake ilikuwa kwenye nozeli. Zilivuja, na kwa kuwa zilikuwa zimefunikwa chini ya mifuniko ya valvu, kuzibadilisha kulihitaji kufungua sehemu kubwa ya juu ya injini. Tena, dizeli iliyovuja mle ndani iliingia kwenye oili. General Motors ililazimika kurefusha dhamana ya nozeli hizo hadi miaka saba au maili 200,000. Ndipo katikati ya mwaka wa modeli 2004 ikaja LLY, na nozeli zikatolewa nje ya mifuniko, mahali ambapo fundi anazifikia bila kubomoa nusu ya injini.

Nalitaja badiliko hili kwa heshima, kwa sababu ni mfano wa kampuni kusikiliza gereji. Kusubiri mwaka mpya wa modeli kungekuwa nadhifu zaidi kwa vitabu vya spea, lakini kungemaanisha kuendelea kuuza kwa miezi kadhaa injini ambayo kasoro yake ilishajulikana na dawa yake ilishapatikana. Kwa kasoro ya aina hii, kubadilisha katikati ya mwaka ndilo jambo la haki. Lawama yangu iko kwingine: kwamba mwenye gari huachwa agundue mwenyewe yuko upande gani wa mpaka. Mwaka 2006 hali ilijirudia, kwani magari ya mwanzo wa mwaka huo wa modeli yalikuwa na LLY, na ya baadaye yakawa na LBZ yenye nguvu 360 za farasi. Pia hapo hati zilisema 2006 tu.

Ford ndiyo yenye hadithi ndefu kuliko zote, na injini yake ya lita 7.3 ya Power Stroke inastahili kutazamwa polepole. Hata kuingia kwake sokoni kulikuwa kwa katikati ya mwaka: katika mwaka wa modeli 1994 Ford waliuza kwanza dizeli ya zamani ya Navistar yenye chumba kidogo cha kuanzishia moto, kisha wakaleta Power Stroke inayopulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Zote mbili zina ujazo wa lita 7.3. Mtu akitaja mwaka pamoja na ujazo bado hajasema ni injini gani.

Kisha ikaja Super Duty ya 1999. Tarehe 7 Desemba 1998, katikati ya kipindi kile kirefu cha uzalishaji, injini ilibadilishwa kuanzia namba ya injini 896812. Nozeli za kundi la mwanzo, zinazojulikana kwa herufi AB, zilitoa mafuta pungufu kidogo kuliko za AD zilizofuata. Tabo nayo ilibadilishwa sehemu zake, na njia za hewa kati ya tabo, intakula (kipoozeo cha hewa) na injini zikapanuliwa. Vitu hivi vinafanya kazi kwa pamoja, hivyo anayechukua kipuri kimoja cha kundi la pili na kukifunga katika injini ya kundi la kwanza anaweza kukuta bomba halikai, au likikaa, injini haifanyi kazi kama ilivyokusudiwa. Wamarekani huyaita makundi hayo 1999 ya mwanzo na 1999 ya mwisho, na duka lolote makini la spea za 7.3 huuliza kwanza tarehe ya kutengenezwa, kabla ya bei na kabla ya kipuri.

Jambo la ajabu zaidi katika injini hiyo ni konrodi, yaani vile vyuma vinavyoiunganisha pistoni na krenkishafti. Kwa miaka mingi 7.3 ilitumia konrodi zilizofuliwa. Baadaye Navistar walianza kutumia za unga wa chuma uliogandamizwa, ambazo ni nafuu kutengeneza na zinatosha kabisa kwa nguvu ya kiwandani, lakini zinaogopwa na watu wanaoiongezea injini nguvu kupita kiasi. Mtu angetarajia kwamba kulikuwa na siku moja ya mpaka, kabla yake aina ya kwanza na baada yake aina ya pili. Haikuwa hivyo. Konrodi zilizofuliwa zilikwenda hadi namba ya injini 1425746; kuanzia 1425747 hadi 1440712 zikawa za unga; kuanzia 1440713 hadi 1498318 zikarudi zilizofuliwa; na kuanzia 1498319 zikawa za unga moja kwa moja. Injini mbili zilizotoka kiwandani karibu karibu zinaweza kutofautiana kwa jambo lisiloonekana hadi injini ifunguliwe, na ile iliyotoka baadaye ikawa na chuma cha aina ya zamani. Kwa konrodi hizi hata neno «nusu mwaka» halifai kitu. Namba ya injini pekee ndiyo inayosema.

Mtindo wa kwenda mbele na kurudi haukuishia zama hizo. Ram za 2019 na 2020 zenye Cummins ya lita 6.7 zilipewa pampu ya shinikizo kubwa aina ya CP4 badala ya CP3 iliyotumika kwa miaka mingi. Malalamiko ya pampu kuharibika na kusambaza vipande vya chuma kwenye mfumo wote wa mafuta yaliongezeka, kampuni ikarudi kwenye CP3 kwa 2021, na magari zaidi ya 200,000 ya miaka hiyo miwili yakaitwa yarekebishwe. Anayedhani kipuri kipya zaidi daima ni bora kuliko cha zamani atakosea hapa.

Power Stroke ya lita 6.0, iliyoirithi 7.3 mwaka 2003, ilibadilishwa mara nyingi mno kiasi kwamba kuieleza kikamilifu kungehitaji makala yake. Kipoozeo cha moshi unaorudishwa ndani ya injini kilikuwa cha mviringo mwanzoni, kisha kikawa cha pembe nne. Sensa ya shinikizo la oili inayosukuma nozeli ilihamishwa kutoka nyuma ya injini, chini ya tabo, hadi kwenye mfuniko wa valvu. Kwa fundi, lililo zito zaidi ni dogo kuliko yote kwa macho: pini zinazoiongoza hedi ikae mahali pake juu ya bloku zilikuwa na kipenyo cha milimita 18, na mnamo 2006 zikawa za milimita 20. Gasketi ya hedi ya injini hii huuzwa kwa vipimo hivyo viwili. Ile yenye matundu ya milimita 18 haiwezi kupita kwenye pini za 20, na hiyo ni afadhali, kwa sababu kosa linaonekana papo hapo. Yenye matundu ya 20 inapita kwenye pini za 18 bila shida yoyote, inakaa na nafasi ya kucheza, na fundi asiyepima anaweza kuikaza hivyo hivyo. Milimita mbili zinapimika kwa kalipa kwa muda mfupi sana, ilhali kazi ya kushusha hedi za injini hii ni ya siku kadhaa.

Kuna pia mabadiliko ambayo hayakugusa chuma hata kidogo. Mwaka 2010 Ford walianza kuuza pikapu za mwaka wa modeli 2011 zenye Power Stroke mpya ya lita 6.7, injini ya kwanza ya aina hiyo waliyoisanifu wenyewe, ikitangazwa kuwa na nguvu 390 za farasi na futi-pauni 735. General Motors nao walitangaza Duramax ya 2011 yenye nguvu 397 na futi-pauni 765. Kabla mwaka wa modeli haujafika katikati, Ford wakatoa programu mpya ya kompyuta ya injini iliyofikisha nguvu 400 na futi-pauni 800, na waliokwisha kununua wakaruhusiwa kupeleka magari yao yapakiwe programu hiyo bila malipo. Mapema 2011 Ram nao wakaleta toleo la Cummins lenye futi-pauni 800 katika mwaka huohuo wa modeli. Kwa injini hiyo ya Ford hakuna alama ya kusubiwa wala namba ya mpaka itakayokuonyesha tofauti. Unaunganisha kompyuta ya kupimia na kusoma toleo la programu.

Basi mwenye gari au mnunuzi aanzie wapi? Namba ya chasisi ya magari yanayouzwa Marekani ina tarakimu na herufi 17 tangu mwaka wa modeli 1981. Ya kumi inaeleza mwaka wa modeli, na hiyo ndiyo ambayo watu wengi huisoma. Ya nane, katika pikapu hizi, inaitaja injini, nayo ina faida kubwa zaidi. Katika Ram ya 1998, herufi D mahali pa nane inaashiria valvu 12, na tarakimu 6 inaashiria valvu 24. Katika Duramax, 1 ni LB7, 2 ni LLY, D ni LBZ, na 6 ni LMM ya 2007.5 hadi 2010. Ford ya 7.3 haisaidiki kwa njia hii mnamo 1999, kwa kuwa makundi yote mawili yana herufi ileile. Hapo unatazama kibandiko cha mlangoni penye mwezi wa kutengenezwa, halafu unathibitisha kwa namba ya injini yenyewe.

Cummins wamerahisisha kazi kuliko wengine. Kwenye kibao cha chuma kilichopigiliwa kwenye injini zao, pamoja na namba ya injini, kuna namba ya CPL, inayorejelea orodha ya vipuri vilivyoiunda injini hiyo: pistoni gani, kamshafti gani, tabo gani, nozeli gani. Injini mbili za ujazo mmoja na mwaka mmoja zikiwa na CPL tofauti, zina vipuri vya msingi vinavyotofautiana. Desturi hii haiishii kwenye pikapu. Cummins za jamii hiyohiyo zinazoendesha malori, mabasi na jenereta nazo zina kibao hicho, na fundi wa Mombasa au Mwanza anayeshughulikia jenereta anakisoma kwa namna ileile.

Kwa magari yaliyozoeleka zaidi kwetu, utaratibu ni tofauti kidogo ingawa tatizo ni lilelile. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya chasisi isiyobeba herufi ya mwaka, na vitabu vya spea vya Toyota huonyesha kwa kila kipuri mwezi na mwaka kilipoanza kutumika na kilipokoma. Ndiyo maana muuza spea makini wa Kariakoo au wa barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi anakuomba namba ya chasisi kabla ya kukujibu lolote. Hakusumbui. Anatafuta mwezi.

Inabaki hali moja ambayo hakuna karatasi itakayoisaidia, nayo ni gari lililobadilishiwa injini. Baada ya miaka 20 na zaidi, pikapu nyingi za aina hii zimekwisha kupewa injini nyingine, na herufi ya nane kwenye chasisi inaendelea kuitaja ile iliyoondoka. Hapo fungua boneti. Cummins ya valvu 12 ina mifuniko sita midogo ya valvu, mmoja kwa kila silinda, na mabomba sita ya dizeli yanatoka kwenye pampu ndefu yakiwa yamejipanga mstari. Ya valvu 24 ina mfuniko mmoja mrefu, na katika zile za VP44 mabomba yanatoka yakiwa yameuzunguka uso wa pampu fupi ya mviringo yenye kiboksi cha umeme juu yake. Duramax ambayo nozeli zake huzioni kwa sababu zimefunikwa ni LB7. Ukiziona nje ya mifuniko, ni LLY au iliyoifuata. Ukishajua hilo, nakili namba kutoka kwenye kibao cha injini iliyopo mbele yako, na hiyo ndiyo upeleke dukani.